Kokoto Lililonuka Mtama

Nikuulize wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyejificha nyuma, mwenye digirii na asiye nayo: ukiwa na njaa, na njiani kwako kuna punje moja ya mtama, na mdomoni umebeba haki yako, utaweka nini chini?

Usinijibu. Watu hujibu haraka wakiwa wameshiba.

Paukwa!

Hapana. Hiyo si pakawa. Hiyo ni sauti ya watu waliopanga foleni ya intavyu tangu alfajiri, halafu wakaambiwa nafasi ilijazwa wiki iliyopita. Tena. Paukwa!

Pakawa. Haya, sasa naona mko hai.

Hapo zamani za kale, na msiniulize kale ipi maana iko kale ya juzi, palikuwa na nyika iitwayo Kavumbini. Jua lake kali. Vumbi lake jekundu. Mvua yake stori tu. Katika nyika nzima bwawa lilikuwa moja. Swala akanywa hapo. Tumbili akanywa hapo. Kanga, sungura, ngiri, fisi, wote hapo hapo. Bwawa limezungukwa na miiba, mlango ni mmoja, na mlango una mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye husema nani aingie, na aingie saa ngapi.

Mwenyekiti alikuwa Fisi.

Kiangazi kile kila mnyama mbavu zilionekana. Fisi shingo ilikuwa imejaa mafuta. Ukimwuliza bosi unakula nini, anacheka. Hi-hi-hiii. Na wewe unacheka naye, maana ni bosi.

Muhula wake ulipokaribia kwisha, akaitisha mkutano. Akasema maji yanachafuka kwa msongamano wa mchana. Akasema jua la mchana linaharibu afya za wananchi. Kwa hiyo akichaguliwa tena, mlango utafungwa mchana, na wanyama wote watakunywa usiku, kwa utaratibu, chini ya ulinzi wa jamaa zake. Akauita Mpango wa Maji Salama. Wanyama wakapiga makofi. Makofi ya nini, hata wao hawakujua. Mkubwa akitamka neno mpango, mikono hujipiga yenyewe.

Bi Kanga hakupiga makofi. Huyu alikuwa mama mwenye vifaranga, vidogo, bado miguu yao laini. Na kanga, kama mjuavyo, jua likizama haoni. Usiku kwake ni ukuta. Hupanda mti, hulala, hungoja kuche. Sasa maji ya usiku atayafuata na macho gani? Na hao jamaa watakaolinda mlango gizani ni akina nani, kama si fisi? Bi Kanga hakusoma uchumi wala sheria, lakini hilo halikuhitaji darasa. Fisi akipita tena, watoto wake wamekwisha.

Aliyejitokeza kushindana na Fisi alikuwa Ngiri. Masikini Ngiri, sura hana. Uso chunjua, meno nje, mkia wima kama mlingoti usio na bendera. Alikuja mkutanoni ana tope hadi masikioni, kwa sababu bwawa likianza kukauka ni yeye anayelichimbua kwa pua. Akasema wa mchana wanywe mchana, wa usiku wanywe usiku, na mlango ubaki wazi. Akakaa. Wakamwuliza amewaletea nini. Akasema hajaleta kitu. Wakacheka mpaka wakalala chini. Yaani mtu anaomba kura na hajaleta hata soda.

Sasa shikeni mila ya Kavumbini, maana ngano yote iko hapo.

Kura yao haikuwa karatasi. Kura yao ilikuwa kokoto. Kila mnyama huokota kokoto nyumbani kwake, hulibeba mdomoni mpaka bwawani, huliangusha katika fungu la amtakaye. Ko! Si kwa mguu. Si kwa mkia. Kwa mdomo. Walioweka mila hiyo walijua wanachofanya: mdomo uliobeba kokoto hautukani, hausifu, na hauli. Kisha wakaongeza mwiko. Kokoto likinuka chakula, limeharibika, linatupwa. Kwa nini? Kwa sababu aliyelishwa siku ya kura amekuja na tumbo la mtu mwingine. Ndiyo maana siku hiyo wote walitoka nyumbani bila kutia kitu kinywani, na wakawa na msemo wao: Nenda na njaa, rudi na maji.

Karani wa kunusa makokoto alikuwa Bweha. Pua yake ilisifika. Ananusa nyama iliyozikwa, ananusa yai ndani ya ganda. Na Bweha anakula wapi? Makombo ya Fisi. Hilo kila mtu alilijua. Ukilitaja unaambiwa, ah, lakini huyo ni mtaalamu.

Basi Bi Kanga akaanza kuzunguka. Akaenda kwa swala, akaenda kwa tumbili, akaenda kwa dada zake kanga. Kila mlango akasema maneno yale yale. Nenda na njaa, rudi na maji.

Dada zake walikuwa wamekaa kivulini wanajitia vumbi. Wakamwambia amechelewa, wao wameshapanga. Fisi ametangaza kwamba asubuhi ya kura atamwaga mtama kwa wananchi wake wapendwa, na mtama wa bure haukataliwi. Mkubwa wao, Bi Madoa, ndiye aliyelisema vizuri.

"Mdogo wangu, ujanja ni huu. Kula huku, kura kule. Tunakula mtama wa Fisi, kokoto tunampa Ngiri. Nani mjinga hapo?"

Bi Kanga akawakumbusha mwiko. Wakamwambia watapangusa midomo kwenye vumbi, na Bweha hawezi kunusa wote. Kula huku, kura kule. Wakairudia kama wimbo. Wakacheka, wakapigana mabawa. Hakuna anayecheka kwa raha kama mtu anayeibiwa huku akidhani yeye ndiye mwizi.

Akaenda kwa Sungura.

Najua mnachongoja. Kila ngano Sungura ndiye mjanja, Sungura ndiye anayewaokoa wenzake. Hii hapana. Sungura wa Kavumbini alikuwa msomi. Amesoma mpaka masikio yakarefuka, na kazi hana. Kila jioni alipanda juu ya kichuguu akachambua siasa. Ananukuu Kiingereza, ananukuu Kilatini, anamtukana Fisi, anamtukana Ngiri, anatukana mvua. Chini ya kichuguu sungura wenzake wanapiga miguu kwa kumsifu. Tu-tu-tu. Na sungura, nyinyi, walikuwa wengi. Ukoo wao peke yake ulizidi koo zote za nyika ile. Wangeamua tu kushuka kile kichuguu.

Bi Kanga akamweleza habari ya usiku, ya macho yake, ya vifaranga.

"Mathe, pole," Sungura akasema. "Lakini mi sipigi. Hao wote ni wale wale. Mayuthi tumechoka na hii sistimu. Kutopiga kura pia ni msimamo."

"Msimamo gani huo wa kulala?"

"Tutatoa tamko, mathe. Kali sana."

"Mwanangu, tamko halinyweki."

Sungura walicheka. Walisema mathe ana panchilaini, mistari ya kuchekesha. Kisha mmoja akaanza mchambuo mwingine, na Bi Kanga akaondoka wakiwa hata hawajatambua kwamba ameondoka.

Siku ya kura ikafika. Kulipokucha Bi Kanga akaokota kokoto jeupe chini ya mti wake. Akalishika mdomoni, akapanga vifaranga nyuma yake, akaanza safari. Njaa ilikuwa njaa ya kiangazi, ile inayokwangua. Vifaranga vililia njia nzima. Pii, pii. Mama hawezi kuwajibu, mdomo umebeba.

Penye uwanja wa Fisi akakuta karamu. Mtama umemwagwa chungu chungu, dada zake wamejaa hapo, do-do-do-do, vichwa chini mikia juu. Tumbili wamejaza mashavu. Bi Madoa akamwita kwa bawa. Bi Kanga akageuza uso, akapita. Hapo mpigieni makofi. Hapo alishinda.

Lakini Fisi hakuwa mjinga, na nyinyi acheni kudhani wabaya wenu ni wajinga. Fisi alijua wapo watakaopita. Akauliza, kanga ni ndege gani? Ni ndege anayedonoa akitembea. Mguu, donoo. Mguu, donoo. Hana habari kwamba anadonoa, shingo inakwenda yenyewe. Basi Fisi hakuishia uwanjani. Akamwaga mtama njia nzima, punje hapa, punje pale, mpaka karibu na mlango wa bwawa.

Bi Kanga akaiona punje ya kwanza. Akaipita. Akaiona nyingine. Akaipita. Shingo inavuta, anaizuia. Nyuma yake kifaranga kidogo kuliko vyote kikakaa chini. Hakikulia tena. Na mama yeyote anajua, mtoto anayelia si kitu, wa kuogopa ni aliyenyamaza.

Bi Kanga akasimama. Akaweka kokoto chini.

Akadonoa punje moja, akaivunja, akamtia mtoto kinywani. Akadonoa ya pili, akampa. Ya tatu shingo ilikwenda yenyewe, akaimeza. Kisha akaokota kokoto lake, akaendelea. Mimi siwezi kumcheka. Nikipata atakayemcheka, nitamwuliza yeye mara ya mwisho kulala na njaa ilikuwa lini.

Bwawani Bweha amekaa mlangoni. Kushoto kwake fungu la Fisi, kulia fungu la Ngiri. Fisi na jamaa zake wamekwisha kupita mapema, na mngeliona ajabu: fisi wote walikuwa wamefunga. Fisi, nyinyi. Fisi anayekula mpaka kamba ya viatu, siku hiyo ana njaa safi kama mtawa. Hapo tu mnyama mwenye akili angejua kuna kitu.

Bi Kanga akatoa kokoto lake jeupe. Bweha akainama. Fff. Fff.

"Mtama," akasema.

Bi Kanga akaeleza. Akasema hakwenda karamuni, kila mtu alimwona akipita. Akasema ni punje mbili za mtoto, na moja, moja tu. Bweha akamsikiliza kwa adabu zote. Akajibu kwa Kiswahili cha ofisini, kile kinachotoka kimepigwa pasi.

"Mama yangu, ninakuhurumia sana. Hata hivyo, kwa mujibu wa mila, kokoto hili limeharibika. Anayefuata."

Akalitupa nyuma. Bi Kanga akalifuata kwa macho, ndipo akaliona fungu la tatu. Nyuma ya Bweha kulikuwa na fungu la makokoto yaliyoharibika, ya kanga, ya tumbili, ya swala, ya wote waliokula huku wakapiga kule. Lilikuwa kubwa kuliko la Fisi. Lilikuwa kubwa kuliko la Ngiri. Lingehesabiwa, siku ile Ngiri angekuwa mwenyekiti kabla ya jua kuwa la utosi.

Halikuhesabiwa. Fisi akashinda. Bweha akatangaza kwamba uchaguzi umekuwa huru na wa haki, na mila imefuatwa kikamilifu. Hakusema uongo. Hicho ndicho kinachouma. Hakuna kokoto lililoibwa, hakuna fungu lililovamiwa. Sheria iliyowekwa kuzuia hongo ndiyo iliyoikamilisha kazi ya hongo, na aliyehonga akatoka hapo mikono myeupe.

Sungura wakatoa tamko. Lilikuwa kali sana.

Kesho yake mlango wa bwawa ukafungwa mchana. Kanga wakajaribu kuishi kwa umande. Umande wa kiangazi una nini? Vifaranga vikaanza kuyumba. Mwisho Bi Kanga akasema afadhali kujaribu kuliko kuwatazama wakikauka. Jua lilipozama akawapanga nyuma yake, akaenda kwa kupapasa.

Ya usiku sitawasimulia, kuna watoto hapa. Nawasimulia ya asubuhi. Asubuhi palikuwa na manyoya ya madoadoa kwenye miiba ya mlango. Bi Kanga alirudi juu ya mti wake na waliobaki, na waliobaki walitosha chini ya bawa moja. Yule mdogo aliyelishwa punje hakuwemo.

Kulipokucha vizuri akashuka, akaenda kwa Sungura. Nje ya shimo aliona makokoto yamelala ardhini, mengi, makavu, hayanuki kitu chochote. Makokoto safi kuliko yote ya Kavumbini yalikuwa mlangoni kwa Sungura, na hayakuwahi kuguswa na mdomo.

Sungura akatoka, macho mekundu. Kwao pia usiku ule kuna shimo lililobaki tupu. Akamwambia pole mathe, si tulisema, hawa wote ni wale wale.

"Niambie," Bi Kanga akasema, "Ngiri amemla mtoto wa nani?"

Sungura akalitazama lile shimo tupu la kwao.

"Basi si wale wale," Bi Kanga akasema. "Mmoja anakula watoto na mwingine ana uso mbaya. Wewe ukaona ni sawa."

Kisha Fisi akaitisha mkutano wa shukrani, mchana, kwa kuwa mikutano yake ilikuwa bado mchana. Wanyama wakaja, wamekonda, wananong'ona kila mmoja akitaja aliyepotea kwake. Bi Madoa alikuwepo, peke yake, hana tena wa kupigana naye mabawa. Fisi akashukuru kwa imani waliyomwonyesha. Akauliza kama kuna swali, kwa namna ile ya kuuliza inayomaanisha lisiwepo.

Bi Kanga akasimama. Swali lake hakulielekeza kwa Fisi. Alilielekeza kwa Bweha.

"Karani, pua yako ilinusa punje tatu mdomoni mwangu. Njia nzima ilikuwa imemwagwa mtama mpaka miguuni pako. Ulinusa ulitoka mkononi mwa nani?"

Bweha akamtazama Fisi, akatazama chini. Akasema mila inamtuma kunusa kokoto, mkono haukutajwa katika mila. Bi Kanga akamwuliza, na pua nayo, iliambiwa ijizibe? Fisi akajaribu kucheka. Hi-hi. Hakuna aliyecheka naye. Ikawa mara ya kwanza Kavumbini kusikia kicheko cha bosi kikitembea peke yake.

Fisi hakuondoka. Msinidanganye, na mimi sitawadanganya. Muhula ni muhula, na mlango ulibaki wake, na usiku ukaendelea kuwa usiku. Lakini kuanzia siku ile, ukipita chini ya mti wa Bi Kanga asubuhi ungeona jambo. Bi Kanga amemwaga mtama kwenye njia, yeye mwenyewe, kidogo alicho nacho. Vifaranga waliobaki wanaupita mmoja mmoja, kila mmoja na kokoto mdomoni, shingo zinatetemeka. Anayeweka kokoto chini anarudi mwanzo. Wanakula baadaye, wakishafika. Ndivyo ilivyo shule yake. Haina cheti, haina joho.

Dada zake wakaja wakajipanga. Tumbili wakaja. Siku moja Sungura naye akaja, na ukoo nyuma yake. Bi Kanga akamwonyesha kokoto. Sungura akaliweka mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusema.

Basi mafunzo ya ngano hii ni haya, na nayasema waziwazi ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Kura yako ikinunuliwa kwa mlo mmoja, utalipa kwa milo yako yote. Usipopiga kura hujawasusia wabaya, umewaachia mlango. Wote si wale wale. Angalia nani amekula watoto. Kisha siku ikifika, nenda na njaa, rudi na maji.

Ngano yangu imefika mwisho wake. Wao wako kwao na bwawa lao, sisi tuko kwetu na letu.

Na nyinyi mnaokaa milangoni, mnaohesabu na kunusa, mnaotuambia kwa sauti tulivu kwamba kila kitu kimefuata mila: tumechoka kunuswa midomo. Uchaguzi ujao tutakuja wengi, na tutakuja na njaa. Mhesabu mchana, mbele yetu, fungu la tatu likiwa wazi kila mtu alione. Na kabla hamjamgusa mama mwenye njaa, mnuse kwanza mkono uliomwaga mtama, mtaje jina la mwenye mkono, na mumtoe yeye kwenye foleni.